Nilienda na Bisibisi Mahali pa Maneno

Bondeni, Nakuru
Jumanne jioni

Wee Wakili! Wakili usiye na koti!

Uko aje, ndugu yangu? Na mama, ule mguu umeacha kumsumbua ama bado anauficha akiulizwa? Shemeji na mtoto wako salama? Mimi mwili ni mzima, nakula, napumua, lakini ndani ni kama mtu amezima kitu. Kaa chini usome polepole, maana hata kwa karatasi mimi nakimbia.

Kazi bado niko kwa duka ya redio ya yule Kalasinga. Sasa natengeneza zile redio hata yeye amekata tamaa nazo, na unajua hakuna mtu alinifundisha, ni kufungua tu na kuungua vidole.

Mwaka huu mpwa wake, Jaspal, alirudi kutoka Uingereza na mchezo wa ajabu. Hakuna ubao, hakuna karata. Mnakaa kwa meza, kila mmoja anajifanya mtu mwingine, na huyo mtu wako ameandikwa kwa karatasi: nguvu kiasi hiki, ufundi kiasi hiki, maneno kiasi hiki. Jaspal anasimulia mambo yanayowapata, na mkitaka kufanya kitu kigumu mnarusha dadu. Kuvunja mlango, unarusha na kuhesabu nguvu zako. Kumbembeleza mtu, unahesabu maneno yako. Tunacheza Jumapili nyuma ya duka: Jaspal, mimi, na Otieno karani wa stesheni.

Mtu wangu ni mhunzi. Maneno yake ni kama hakuna, kama mimi mwenyewe. Unakumbuka vile mbele ya wazee maneno yangu hutoka yote mara moja, wanadhani nadanganya? Lakini kuna sheria moja, Wakili, niliposikia niliruka mpaka nikamwaga chai! Ukikosa ujuzi mmoja, unaweza kuomba utumie mwingine mahali pake, bora ueleze itafanya kazi namna gani. Basi tukafika kwa lango, askari akakataa. Otieno alikuwa anakohoa tayari, anataka kumwongelesha. Mimi nikasema, "Simwambii kitu. Namtengenezea huo mkuki wake umevunjika." Dadu ikaanguka vizuri, lango likafunguka.

Otieno alikasirika kweli. "Hapana bwana! Mimi nimemaliza pointi zangu zote kwa mdomo, na huyu bubu anapita na nyundo! Sasa mdomo wangu ni wa nini, wa kula?"

"Hata wa kula unautumia sana," Jaspal akamwambia.

Lakini aliona Otieno ana haki. Jumapili iliyofuata akaongeza kitu: ufundi unaweza kumfanya mtu akushukuru, lakini hauwezi kumwambia unataka nini. Hiyo lazima useme. Nikamwambia ananiharibia mchezo. Sikumsikiliza, Wakili. Nilikuwa nimependa ile sheria vile ilivyokuwa.

Sasa Roda. Nilikuandikia juu yake: msichana wa Mzee Makokha, yule mtu wa kwetu aliyestaafu reli, wanakaa nyumba za kaunsil ya mji hapa hapa Bondeni. Tumependana mwaka mzima kwa kujificha. Mwezi jana akaniambia kuna mwalimu mmoja wa Eldoret, wazee wake wameanza kuja.

"Leta mtu aongee na baba," akasema. "Ama uje mwenyewe. Lakini uongee."

Ningekuandikia siku hiyo hiyo! Kwetu kijana hajiposei, kuna mjomba, kuna kaka, midomo yao inasimama mahali pa wake. Wewe ungepanda basi, ungeongea mpaka mzee akupatie Roda na ng'ombe juu. Lakini niliona kungoja ni kuchelewa. Na nilikuwa nimesikia redio ya mzee, ile kubwa ya mbao, imenyamaza tangu mvua. Nikajiambia, basi nitatumia ufundi.

Jumamosi nikaenda na bisibisi na chuma cha kuchomea. Nilivaa hata tai. Mzee akaangalia tai, akaangalia sanduku la vyombo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee. Nimesikia redio ni mgonjwa."

"Kijana mzuri! Ingia."

Masaa mawili. Taarifa ya habari ikatoka wazi kabisa, mzee akajipiga magoti akicheka. Roda alisimama kwa mlango wa jikoni na kikombe, ananiangalia mdomo. Siyo mikono. Mdomo. Nikaufungua. Nikasema, "Mzee, mimi… hii waya ya nyuma usiiguse."

"Siwezi gusa," akasema, akatia mkono mfukoni. Nikakataa kulipwa, nikidhani kukataa kutamwambia kitu. Akafurahi zaidi! "Mama Roda, tumepata fundi, na hataki chochote!" Halafu akanigeukia. "Fundi, Jumamosi inayokuja wageni wa Eldoret wanaleta neno la mwisho la huyu msichana. Watu watajaa mpaka nje. Duka yenu si iko na zile spika kubwa? Utakuja kunifungia, wazee wasikike mpaka nyuma."

Na mimi nikasema ndiyo. Ndiyo! Neno moja, na hilo halikukwama.

Roda alinifuata mpaka kwa bomba la maji. "Redio umeipatia masaa mawili," akasema. "Baba hukumpatia hata dakika."

"Nitarudi."

"Urudi kutengeneza nini, taa? Wale watu walileta mzee mmoja, akaketi, akasema wanataka nini. Baba alipenda hiyo."

Hakuwa na hasira, hiyo ndiyo imeniua. Alikuwa amechoka tu.

Jana nilirudi kweli. Nilianza vizuri, halafu yote yakatoka pamoja: Roda, redio, wewe, ng'ombe. Mzee akanishika bega, akaniambia, "Pole pole, fundi. Usijali, betri ya gari ya kuwasha hizo spika nitatafuta mwenyewe."

Mama usimsomee hii. Mwambie tu nakula. Nisalimie mjomba Wafula, yule angenisemea kama ningemwomba, na senje Nekesa, shangazi yetu mpishi wa shule, na babu ukimpata hajalala. Mtoto wako mbebe kwa niaba yangu.

Barua hii itakufikia Ijumaa, na ukipanda basi ya Jumamosi utakuta watu wameshakula. Mwenye duka amekubali spika zitoke, amefurahi, kwake ni kazi. Wazee wakiketi, mimi ndiye nitashika maikrofoni kwanza kuijaribu: moja, mbili, tatu, mnasikia? Na watasikia, mpaka nyuma. Nikiongeza neno moja baada ya tatu, nimemwaibisha Roda mbele ya koo mbili, na baba yake hatanisamehe. Nikinyamaza, nitampa huyo mzee wa Eldoret maikrofoni kwa mkono wangu, nirudi kusimama karibu na betri.

Wakili, wewe ungefanya nini?

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Wanyonyi