Nimezitupa Zana za Mume wa Kwanza wa Mke Wangu

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla sijaongeza kosa juu ya kosa, maana hili nililolifanya sijamwambia mtu. Mimi ni karani wa shamba la mkonge hapa Kongowe, nina mke, Mwamini, tumezaa watoto wawili, na kabla yangu aliolewa na fundi wa bati aitwaye Mwishehe, wakaachana kwa wema, Mwishehe akamwoa Zena, na kibanda chake cha ufundi hakiko mbali na kwangu.

Shida ilianza na birika. Lilitoboka, Mwamini akalipeleka kwa Mwishehe bila hata kuniuliza, likarudi na kiraka cha lehemu kinachong'aa, na tangu siku hiyo kila nikimiminiwa chai nakiona kile kiraka tu, najiambia mkono wa yule bwana umo nyumbani mwangu. Ikafuata taa ya chemli, ikafuata ndoo, nami nikaamua kwamba kwangu kitu kikiharibika kitupwe, mshahara ninao, nikanunua birika jipya na sufuria mpya, watu wakanisifu kuwa mtu wa kisasa, majirani nao wakaanza kutupa vyao wasionekane washamba. Mwamini aliniambia neno moja tu, "Baba Salehe, tundu moja haliui birika," na lile birika jipya halikumaliza miezi mitatu.

Sasa siku moja nimetoka kazini mapema nikapita nyuma ya kibanda cha Mwishehe, nikamwona mke wangu ameketi kwenye kigoda, chuma cha kulehemia mkononi, anaziba debe la jirani, na Mwishehe yuko pembeni anaupapasa ule mshono kwa vidole, kwa sababu ana mtoto wa jicho na haoni tena, Zena naye yupo anapepeta mchele, nikamsikia Mwishehe akisema, "Mwamini, sasa mkono wako umenipita." Mshauri, kama ningewakuta katika jambo la aibu ningejua la kufanya, lakini niliuona uso wa mke wangu ulivyochanua kwa sifa ile, na katika miaka tisa mimi sijawahi kuuchanua hivyo.

Ijumaa iliyofuata, Mwishehe yuko msikitini na Zena yuko shambani, nikaingia kibandani, nikachukua chuma, koleo na mkasi wa bati, nikavitumbukiza katika shimo la choo. Toka hapo Kongowe nzima hakuna wa kuziba kitu. Mwamini hajui ni mimi, hanigombezi, lakini hacheki, anateka maji kwa ndoo inayovuja, anafika imebaki nusu na kanga imelowa mgongoni, nikisema ninunue nyingine ananiambia niache. Na juzi Mwishehe mwenyewe alikuja ameshikwa mkono na Zena, akaniomba mimi karani nimwandikie barua kwa ndugu yake Dar es Salaam amtafutie zana nyingine, akaeleza kuwa zile alirithi kwa baba yake, nikaandika kila neno alilolitamka, na barua hiyo iko mfukoni mwangu hadi leo. Je, nimwache mke huyu, au nihamie naye Magindu tuanze upya?

Mwenye Moto Kifuani, Kongowe

*

Ndugu karani, majina nimeyabadili, ila Kongowe si kubwa, kwa hiyo nisikilize upesi.

Pole. Wivu unauma, na umeandika bila kujipamba. Kwa hilo nakuheshimu. Heshima yangu inaishia hapo. Umemwibia mtu asiyeona, kisha ukaketi ukamwandikia barua ya kutafuta ulichomwibia.

Unauliza umwache mkeo. Kwa kosa gani? Alikuwa mchana kweupe, mwenye nyumba yupo, mke wa mwenye nyumba yupo. Na macho ya fundi hayafi kwa siku moja: umewahi kuuliza lile birika lako lilizibwa na nani hasa? Unayemwonea wivu si Mwishehe peke yake. Ni mikono ya mkeo, inayojua kazi ambayo yako haiijui. Kununua si kazi, bwana. Hata mlevi hununua. Tena umewafundisha majirani kuona haya kwa kiraka, na mkiendelea hivyo watoto wenu watakuwa na vitu vingi wasivyoweza kuvitengeneza hata kimoja.

Magindu usiende. Wivu utaufungasha pamoja na mikeka.

Mwambie Mwamini leo. Gazeti hili linafika huko Jumamosi, na si wewe peke yako ujuaye kusoma. Kisha mwende pamoja kwa Mwishehe, Zena awepo, useme, "Nilichukua mimi." Usimsingizie shetani. Asipokusamehe, ni haki yake, usimbembeleze mpaka achoke. Barua ichane, uende mwenyewe Dar es Salaam kwa mafundi wa bati, utafute zana njema kuliko zote utakazoziona, ukijua kwamba hata hizo hazitakuwa za baba yake.

Ukirudi, mwombe mkeo akufundishe kulehemu, pale pale kibandani, mbele ya Mwishehe. Utaungua vidole. Kitu cha kwanza utakachoziba kitavuja, na Mwamini atakucheka.

Usinyanyuke.