Mgeni Kabla ya Kura

Jumatatu, 11 Januari 2016

Kikao cha kamati ya mtaa wetu, Saltley. Baridi ukumbini, watu wachache. Mwenyekiti wetu Balwinder, Singasinga wa Kisumu, alitusomea muswada. Sheria iliyopo inailazimisha serikali itangaze kila mwaka ni watoto wangapi wanaishi katika umaskini, kwa kupima mapato ya nyumba. Sasa wanataka kulifuta hilo. Watahesabu nyumba zisizo na mtu mwenye kazi, na matokeo ya shuleni. Basi!

Jirani yangu Kowsar anafanya usafi kiwandani Tyseley. Ana kazi, kwa hiyo watoto wake watatu watatoweka katika hesabu, na njaa yao itabaki palepale.

Malodi, wajumbe wa baraza la juu la bunge la Waingereza, watapiga kura tarehe 25. Bibi mmoja, msaidizi wa lodi ambaye bado hajaamua, anakuja kuonana na familia. Kowsar amekubali kumpokea. Mimi nitafasiri.

Jumatano, 13 Januari

Nilivuka barabara kwenda kufanya mazoezi ya majibu na Kowsar. Watoto wanaandika kazi za shule wakiwa na makoti mwilini. Kabatini — unga, chumvi, kopo la maharagwe. Nilimwambia aseme hayo hayo, asipambe wala asipunguze. Akasema atasema. Kisha akaniuliza kama bibi huyo anakula nyama ya mbuzi. Nilidhani anatania.

Jumapili, 17 Januari

Nimekasirika.

Nilifika na mgeni. Harufu ya iliki mpaka nje! Sebuleni zulia jekundu — la Falis, wa nyumba ya tatu. Pilau, sambusa, mbuzi, halwa. Kila jirani kaleta sahani. Falis mwenyewe jikoni, leso kiunoni. Nilimwuliza kwa sauti ya chini wamefanya nini. Akajibu kwamba mgeni wa Kowsar ni mgeni wa mtaa mzima. Au nilitaka apewe maji ya bomba? "Wewe Mwalimu shika Kiingereza chako. Jiko tuachie sisi."

Balwinder aliingia, akatazama, akaninong'oneza: "Mwalimu, hii ni umaskini ama ni harusi?" Hata hivyo alikula. Sana.

Bibi mgeni alikula, akasifu. Halafu akauliza, kwa upole, kama watoto hukosa chakula. Nikafasiri. Majirani wote macho kwa Kowsar. Akainua kichwa: "Alhamdulillahi, hatukosi."

Nilijua si kweli. Lakini mfasiri hana ulimi wake. Nilifasiri neno kwa neno. Na ningemvuaje nguo mama wa watu mbele ya mgeni wake, zulia la jirani likiwa chini ya miguu yake? Bibi akaandika. Akafunga kalamu.

Jumatatu, 18 Januari

Balwinder kapiga simu. Lodi akisikia habari za pilau, anasema, kura hiyo imekwenda. Anataka nimweleze bibi ukweli. Nimekataa. Kabati la Kowsar si langu kulifungua. Akaniita mkaidi. Nikakata simu.

Mapazia ya Kowsar yamefungwa tangu asubuhi.

Alhamisi, 21 Januari

Kowsar amekuja mwenyewe, bado na sare ya kazi. Hakukaa. Binti yake mkubwa, Fardowsa, amemwuliza kwa Kiingereza chao kwa nini alimdanganya yule bibi.

"Mpigie, Mwalimu. Aje leo, aione nyumba ilivyo. Na Falis asijue!"

Nikapiga. Bibi bado yupo mjini. Atafika saa kumi.

Nimetoka kwa Kowsar sasa hivi. Sebule tupu, sakafu imepigwa deki. Kabati ameliacha wazi makusudi. Nilisema moyoni: tumeweza! Nikaaga nije kubadili nguo. Mlangoni akanishika mkono.

"Niazime maziwa kidogo tu, Mwalimu. Na sukari."

Nilimkemea. Kwani hajajifunza? Akasema amejifunza, pilau hakuna, zulia hakuna. Ila mtu hawezi kumkalisha mgeni kwake mikono mitupu. "Chai tu, Mwalimu. Chai nayo ni utajiri?"

Nikavuka barabara kuja kwangu.

Pakiti ya maziwa iko mezani mbele yangu. Sukari nimekwisha kuimimina bakulini, sijui saa ngapi. Teksi inasimama ng'ambo. Bibi anashuka. Kowsar yuko dirishani — hamtazami mgeni. Anatazama mlango wangu.