Tanzia ya Mama Haifunguki

Shangazi mpendwa,

Naomba msaada, na naomba unijibu kabla ya Jumatatu maana baada ya hapo huenda nisiwe na la kuuliza. Mimi ni mwanamke, nafanya kazi kwenye duka la uchapaji, tunachapa kadi za harusi, mabango, vitabu vya risiti na tanzia, na nafasi ninayoishika ilikuwa ya Mzee Wino, msanifu wetu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi na ambaye tulimzika mwaka jana, kwa hiyo usifikiri nimerukwa na akili nikikwambia kwamba Mzee Wino ananitumia barua pepe.

Ilianza baada tu ya bosi kuweka intaneti mpya. Nilifika asubuhi, nikafungua barua za duka kutafuta oda, nikaona barua imetoka kwenye anwani ya Mzee Wino, haina salamu wala neno, ina kiambatisho kimoja kinachoitwa Tanzia Fundi Vyuma, na huyo fundi vyuma ni jirani yetu anayechomelea mageti, tena muda uleule nilikuwa namsikia akigonga vyuma vyake, basi nikabofya, kompyuta ikasema faili haliwezi kufunguliwa, nikalipakua upya, vilevile, nikazima nikawasha, vilevile, nikajaribu kwenye simu, simu nayo ikagoma, nikasema labda kuna mtu ananitania, nikaendelea na kazi zangu. Wiki hiyohiyo fundi vyuma akaanguka karakanani kwake na hakuamka, wanawe wakaja kwetu kuchapisha tanzia, na aliyeitengeneza ni mimi, Shangazi, jina lilelile.

Baada ya hapo zikaja nyingine, ya kinyozi, ya fundi cherehani, ya mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, zote hazifunguki, kinyozi bado yupo lakini siku hizi anakohoa, fundi cherehani yupo lakini naona amekonda, na kila nikiwakuta wanacheka barabarani natamani niwaambie, naishia kuwasalimia. Kompyuta yenyewe ya marehemu iko stoo, bosi huiwasha tukiwa na kazi ya mabango kwa sababu ndiyo inayoelewana na ile printa kubwa, na nikipita mlangoni nasikia feni yake inavuma, na mara nyingine nasikia stuli yake inalia kama mtu ameegemea vizuri baada ya kuchoka, nikichungulia hakuna mtu, ni stuli tu na boksi za karatasi.

Sasa nisikilize. Jumanne iliyopita ikaja Tanzia Mama Mkunga. Huyo ni mama yangu mzazi, mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu nusu ya watoto wa pale amewapokea yeye, na ana uvimbe tumboni ambao daktari amesema utolewe Jumatatu, ukiachwa utaziba utumbo na hapo hakuna tena kubahatisha. Sikuweza kuvumilia, nikalilazimisha lile faili lifunguke kwa programu ya kuandikia, ile ya kawaida kabisa, skrini ikajaa alama za ajabu, visanduku na vimstari, nikashuka, nikashuka, na katikati ya takataka zile nikaliona jina la mama limekaa peke yake, kisha alama tena, kisha maneno amelala salama, kisha alama mpaka mwisho. Nikafunga, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, mteja akaniuliza, "Dada, unaumwa?" nikamwambia ni jua.

Na juzi ikaja nyingine, kiambatisho hakina jina kabisa, na ilikuja umeme ukiwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi, niliiona kwenye simu nikiwa peke yangu dukani, na stoo kulikuwa kimya isipokuwa ile stuli.

Nilichofanya naona aibu kukiandika. Nimemwambia mama kwamba hospitali wameahirisha, hawana nafasi. Akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, wataniita wenyewe," akaenda kulala ubavu kwa sababu chali hawezi tena. Kaka yangu anasema nifute barua zote nimpeleke mgonjwa, lakini naogopa nikimpeleka nitakuwa nimemfikisha kwa mikono yangu pale alipoitwa, na nisipompeleka pia najua, Shangazi, najua, hali tena chakula kikapita. Nimekutumia barua zote kama zilivyokuja. Niambie nifanye nini.

Nisiyejua Nifungue au Nifute

*

Binti yangu,

Pole sana. Pole hiyo ni ya kwanza na ya mwisho leo, maana kuanzia hapa nakugombeza.

Barua zako nilimpa fundi wetu wa kompyuta, mama mmoja tunayemwita Waya kwa ajili ya nyaya anazotembea nazo mkobani kama dawa. Alizitazama akacheka kwanza. "Kiambatisho kikigoma," akaniambia, "usiulize nani kakileta. Uliza kimetengenezwa kwa programu gani." Mzee Wino, Mungu amlaze pema, alitumia programu ya usanifu ya zamani ambayo kompyuta yako mpya haina na simu yako haijawahi kuisikia. Ungezima na kuwasha mpaka kesho kutwa, ni kubadilisha mkono wakati ufunguo siyo wenyewe. Na ulipolilazimisha kwa programu ya kuandikia, ilikuonyesha maneno machache inayoyafahamu, mengine yote ikayageuza takataka. Uliona maneno mawili matatu, hukuona ukurasa, ukajaza mwenyewe yaliyobaki, na woga haujawahi kukosa la kujazia.

Anayezituma ni nani? Ni ile kompyuta ya stoo. Waya amenionyesha kwamba barua hizi zina tarehe mbili, ya kuandikwa na ya kuondoka, na zote zenye majina ziliandikwa marehemu akiwa hai. Alizituma kwenye anwani ya duka, zikawa nzito, intaneti yenu ya zamani ikashindwa kuzibeba, zikakwama kwenye kikasha cha kutuma. Bosi kaweka mpya, sasa kila mkiwasha mashine kwa ajili ya mabango zinapenya moja moja. Fundi vyuma amefariki, inauma, lakini aliuawa na moyo wake na siyo na barua. Kinyozi anakohoa! Kinyozi gani asiyekohoa, na nywele za watu anazovuta kutwa? Fundi cherehani amekonda, umemuuliza? Mwalimu mstaafu hukusema lolote juu yake, bila shaka yuko barazani kwake anakula vizuri kuliko mimi. Umehesabu mmoja aliyekwenda, watatu waliobaki ukawaweka kwenye foleni. Aibu yako!

Nisikufiche, kuna moja Waya hakuiweza. Ile isiyo na jina haina tarehe ya kuandikwa, haina uzito hata kidogo, na inaonyesha iliondoka kwenye mashine ya stoo wakati mashine haina umeme. Nilimuuliza mara ya pili. Akasema, "Hii sijui, Shangazi," akafungasha nyaya zake akaenda kunywa chai kabla ya saa ya chai. Nilijishika nisiibofye, na wewe usiibofye. Usiifute pia. Iache hapo ilipo na wewe ukae mbali na ile stoo mpaka bosi aihamishe mashine au awaite watu wanaojua mambo hayo. Mambo mengine duniani hayatuhusu, na barua isiyo na jina la mama yako haimhusu mama yako.

Sasa ya kufanya, na uyafanye leo, siyo baada ya kulia. Kwanza, piga simu hospitali uthibitishe kitanda. Kitanda bado kipo, kwa sababu uliyemdanganya ni mama, hospitali hukuwadanganya. Pili, kaa naye umwambie kwamba hakuna aliyeahirisha isipokuwa wewe. Usimsingizie daktari, usimsingizie foleni. Akikukasirikia, mwache akasirike, ana haki. Kaka yako aje alale hapo nyumbani, maana mgonjwa mmoja na mwoga mmoja hawatoshi kufika Jumatatu. Na usisikie kwangu kwamba operesheni ni jambo dogo, kisu ni kisu na mimi si daktari. Ninachokijua ni kwamba uvimbe huo haujui kusoma barua pepe, na kila siku unayouogopea karatasi wenyewe unaendelea na kazi.

Bado kuna ile tanzia. Waya aliitafuta programu ya zamani kwenye mashine yake ya nyumbani, akaifungua mbele yangu, na sitaki ukae Jumatatu kwenye benchi la hospitali ukiwaza kilichomo. Kwanza nilipiga simu dukani kwenu nikajifanya mfiwa. Bosi wako akaniambia siku hizi mnaonyesha mifano kwenye simu, ila zamani Mzee Wino alikuwa na utaratibu wake. Mfiwa huwezi kumwonyesha tanzia ya maiti wa mwenzake, ni kumtonesha, na karatasi tupu haimwelezi kitu. Kwa hiyo mzee alizunguka mtaani akiomba majina ya watu walio hai, wenye roho ngumu, atengenezee sampuli. Waliokataa walimfukuza. Waliokubali ni hao uliokuwa unawazika kichwani mwako.

Ukurasa ulipofunguka nilimshika Waya mkono. Una pambo la maua pembeni, jina la mama yako limekaa katikati peke yake, chini yake maneno amelala salama. Halafu kwa herufi ndogo, pale ambapo wewe ulipata visanduku tu, imeandikwa hivi: Sampuli ya duka, kwa ridhaa ya mwenye jina. Mwenyewe ameagiza isomeke kwamba amefariki akiwa na miaka mia na tano, baada ya kuwapokea vitukuu wote kwa mikono yake, na kwamba mpaka siku hiyo binti yake alikuwa hajaacha kumsumbua.

Mwanamke aliyetoa agizo hilo, binti yangu, yuko chumba cha pili analalia ubavu, anasubiri umwambie ukweli. Nenda.