Ndani ya Kichwa cha Kiboko

Jumatatu, 14 Julai 2025
Leo nimefagia ofisi, nimechemsha chai, nimebeba maboksi ya vitabu toka stoo mpaka kwenye gari. Ndiyo uhariri wenyewe huo! Niliomba kujitolea kwenye kampuni hii ya uchapishaji hapa Musoma nijifunze kutengeneza vitabu vya watoto. Mshahara hakuna, nilikubali. Lakini hata nauli? Shangazi Lukresia, ninayekaa kwake, ameniuliza tena kama hii ni kazi au adhabu. Nikacheka.

Jambo moja zuri — bosi, Bwana Stanislausi, ameipeleka hadithi yangu kiwandani ikachapwe. Yangu! Mbuke ana kigugumizi. Anachunga mbuzi kando ya ziwa na wenzake, anaona kiboko anatoka kwenye matete. “Ki-ki-ki...” Wenzake wanamkatiza: Kikombe? Kima? Kidonda? Kiboko huyo, amefika! Wanaponea juu ya mti. Tangu siku hiyo wanamsubiriga amalize. Basi. Mbuke haponi. Sitaki apone. Mimi sijapona mpaka leo, na naishi.

Alhamisi, 17 Julai
Gasper, mchoraji wetu, amenionyesha nakala za picha zilizoenda kiwandani. Kiboko ana makalio kama sofa! Chai ilinipalia.

Jumatano, 23 Julai
Hasira!! Vitabu vimefika. Nikafungua ukurasa wa mwisho nikiwa nimesimama. Mbuke amepona! Eti kushtuliwa na kiboko kumemfungua ulimi, sasa anaongoza kwaya.

Nikaingia kwa bosi. “Bo-bosi, mwi-mwi—” Akanimalizia: “Mwisho mzuri, eh? Nimeurekebisha. Watoto wanatakaga furaha, mdogo wangu.”

Sikuwa nasema hivyo!

Nilipokuwa darasa la tatu, Butiama, watu wazima walikuwaga wananivizia nyuma ya nyumba wanishtue, wakiamini hofu itaniponya. Nililowesha sketi mbele ya binamu zangu. Sikupona. Na sasa kitabu kinawafundisha watoto wafanyiane hivyo hivyo! Na jina langu lipo kwenye jalada. Afadhali lisingekuwepo.

Halafu akaongeza: Ijumaa tunazindua Bunda, shule ya msingi. Atasoma yeye. Mimi nitavaa vazi la kiboko. Kiboko haongei, akasema, kwa hiyo sitapata shida. Alidhani ananihurumia!

Ijumaa, 25 Julai. Bunda
Naandika nikiwa ofisi ya walimu. Kiwiliwili bado cha kiboko — zipu imekwama. Jasho! Kichwa kiko mezani, karibu na chaki.

Bosi alisoma vizuri, sikatai. Watoto walicheka, mimi nikarukaruka. Tukafika pale Mbuke anaposhtuka na kupona. Nikanguruma, kama nilivyoagizwa. Mungu anisamehe, nikanguruma.

Mbele pale alikaa msichana mwembamba. Mwenzake akamgeukia, akampigia kelele sikioni: “Waa!” Kicheko. Mwingine naye: “Waa! Ongea sasa!” Binti akafungua mdomo. “Ni-ni-ni...” Akafunika uso.

Nikavua kichwa.

Nilitaka kusema hadithi haiishi hivyo. Ikatoka “Ha-ha-ha...” Watoto wakadhani nacheka, nao wakacheka. Bosi akadakia: “Anasema hamjambo!”

“Nyamaza,” nikamwambia. Mbele ya walimu! Neno hilo lilitoka lote, bila kukwama.

Nikaanza upya. Nikawaambia mimi ndiye niliyeandika. Mbuke hakupona. Kushtuliwa hakuponyi mtu. Kwenye “kushtuliwa” nilikwama mpaka macho yakanitoka. Hakuna aliyecheka. Hapana, wawili walicheka. Mwalimu mkuu aliangalia saa. Nikaendelea mpaka mwisho, mwisho wangu.

Sasa hivi bosi yuko nje na mwalimu mkuu, namsikia anaomba radhi. Eti joto la vazi limenichanganya. Joto! Amepita dirishani akasema niingie kwenye gari, na Jumatatu nisije. Gasper tumekuja naye. Ameenda kutafuta koleo la zipu.

Nitamwambia nini Shangazi? Kazi ya bure, na nimefukuzwa!

Yule binti yuko mlangoni. Amekuja peke yake. Ananiangalia, anataka kuniuliza kitu, amekwama kwenye neno la kwanza. Bosi anapiga honi. Anapiga tena.

Apige. Mtoto hajamaliza.