Pasi ya Makala Juu ya Parashuti

Jumatatu, 9 Agosti 2010
Leo nimekuwa mtu wa maana tena! Raphaël, mkubwa wa klabu ya kuruka ya Goma, amesimamisha jipu mbele ya baraza ya Mama Kasoki, pale ninaposhona. Akauliza kwa sauti: nani hapa Burungu alikuwa anakunja parashuti za jeshi la Zaire? Nikainua kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikunja miaka kumi na mmoja, kule Kinshasa. Kuruka nimeruka mara tatu. Mara ya tatu nilitua juu ya choo cha koplo. Hiyo sikumwambia.

Jambo lenyewe: Jumapili ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Wazungu wawili wataruka kwenye malisho ya Muheto, kila mmoja na vifaa vyake. Wa tatu ni Consolée, mwuguzi wa Muheto, na parashuti ya klabu — ile kubwa, pamoja na ndogo ya akiba, wanaiita sekur. Komanda wa jeshi la hapa ametoa ruhusa. Askari wameambiwa wasiipige ndege risasi. Nimefurahi kusikia wameambiwa.

Mimi nitakunja zote mbili na kutia jina langu kwenye karte, ile kadi ya parashuti. Njo hivyo, ndiyo sheria ya kazi hii: aliyekunja anasaini, na aliyesaini anaweza kuambiwa aivae mwenyewe aruke. Sheria hiyo inamfundisha mtu kukunja vizuri sana.

Jumanne, 10 Agosti
Harufu ya Omo.
Nafungua mfuko wa sekur — Omo! Mama Kasoki ndiye aliyetunza mizigo ya klabu ndani ya depo yake tangu Juni. Akaona ni michafu. Wageni wanakuja, sikukuu ni ya Mama Maria, naye ni mtu wa Butembo, hapokei mgeni na kitambaa chenye makunyanzi. Akafua. Akaanika. Halafu akapiga pasi ya makala, ile ya makaa ya moto, kama shati ya misa!

Ile kubwa haikuenea mezani, ikapona pasi. Ni mzee kama mimi. Nimeikagua shono kwa shono, ni nzima, ingawa mzee yeyote anaweza kukataa siku moja. Sekur ni ya siku hiyo. Na sekur imepigwa pasi yote. Inang'aa! Alama za pasi zinafuatana kama nyayo za bata. Nailoni imeyeyuka kama fromaji, jibini ile, kwenye moto, kitambaa kimeshikana na kitambaa. Nimevuta kidogo, vidole viwili tu. Imepasuka bila sauti.

Mama Kasoki amesimama pembeni anangoja sifa. "Sasa iko safi, ao sivyo, Papa Athanase?"
Nikasema ni safi.
Mwoga mimi.

Jumatano, 11 Agosti
Leo nimesema. Nimemwambia Raphaël uso kwa uso, kofia mkononi kama mtu anayeomba shamba. Alianza kwa kucheka.
"Muzee, ile kubwa inafunguka yenyewe, kamba yake inafungwa mu ndege. Sekur ni ya sheria tu."
Nikamwuliza kama na tairi ya akiba ya jipu lake ni ya sheria tu, kwa barabara hii ya Sake. Hakucheka tena. Mabango yamechapwa, anasema. Watu wa redio wanakuja. Komanda hatoi ruhusa mara mbili. Sekur nyingine itatoka Nairobi, wiki tatu.
"Basi wiki tatu," nikasema.
"Bikira Maria atangoja?"
"Yeye anapanda. Consolée anashuka."
Akaniita mlevi. Leo sikuwa nimekunywa hata chai!

Alhamisi, 12 Agosti
Nimeikuta mashini yangu ya kushona barabarani. Katikati kabisa. Mbuzi anainusa.

Sikutaja jina la mtu. Nilisema "pasi" tu. Lakini Burungu nzima ina pasi moja ya ukubwa ule. Mama Kasoki alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, watu wamejaa. "Miaka sita uko kwa baraza yangu, unakunywa chai yangu, leo unasema mimi nataka kuua mutoto wa watu! Toka! Nenda ukashonee nyoka!" Walicheka sana. Hata mimi nusura — nyoka na suruali!

Halafu haikuchekesha. Munyakazi, rafiki yangu wa kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, amehamisha kiti chake nilipokaa karibu. Kwenye bomba la maji mama mmoja alisema ili nisikie: njo huyu anachukia furaha ya watu. Mwingine akatema mate karibu na kiatu changu. Karibu, si juu yake. Heshima bado ipo kidogo.

Ijumaa, 13 Agosti
Consolée amekuja mwenyewe, kwa miguu kutoka Muheto. Nikafikiri: huyu ataelewa, ni mtu wa hospitali. Nikamwonyesha kipande kilichopasuka. Hakukigusa.
"Papa Athanase, unajua watu wa kwetu wakisikia ndege wanafanya nini?"
Najua. Wanakimbilia migombani.
"Mimi nataka siku moja wasikie ndege na wabaki wamesimama. Basi. Na wewe unaniletea kitambaa."
Nikasema nataka wabaki wamesimama na yeye pia abaki amesimama. Akanitazama kama ninavyotazamwa wiki hii yote.
"Unaogopa kwa ajili yangu, ao kwa ajili ya jina yako kwa karte?"

Nikakikunja kile kipande, nikakitia mfukoni. Ni yote mawili.

Jumamosi, 14 Agosti
Wameniita kwa shefu wa Burungu. Raphaël, askari wawili wa komanda, wazee, na mimi kwenye kigoda kifupi, magoti karibu na masikio. Kubwa nimeikunja mbele yao, nimesaini. Sekur nimekataa. Shefu ameniomba. Shefu ameniamuru. Halafu: "Athanase, ukiendelea kusema, Jumatatu utafute mulima ingine ya kukaa." Watu wakapiga makofi. Kwa kunifukuza!

Raphaël ameikunja sekur mwenyewe, anatazama video kwenye telefone. Amesaini. Saini yenye mikia mingi.

Jipu limeondoka na Consolée, akalale Goma, ndege inatokea kule. Kwa dirisha la jipu nilimwambia: mlangoni mwa ndege unaweza kukataa, hakuna anayesukumwa. Akapandisha kioo.

Jumapili, 15 Agosti
Malisho ya Muheto. Watu kama nzige. Nimekaa nyuma ya zizi, daftari juu ya goti. Wengine wakiogopa wanakunywa, mimi ninaandika.

Raphaël iko na mikrofone mkono mmoja, redio ya kuongea na rubani mkono mwingine. Ndege imefika saa tano. Hakuna aliyekimbia! Hilo niliandike — hakuna. Muzungu wa kwanza ametua. Wa pili nusura atue juu ya ng'ombe. Vigelegele.

Upepo umeongezeka. Ndege imepita mara ya tatu, mlango wazi, hakuna mtu. Mara ya nne. Wanaanza kupiga miluzi. "Ni Athanase, amemuroga!" Kijana mmoja amenirushia mavi ya ng'ombe. Amenipata.

Mama Kasoki anakuja. Nilijua, amekuja kumalizia. Hapana. Anakaa chini kwenye majani, na kitenge chake cha sikukuu. Ananishika mkono wa kushoto — naandika na wa kulia. Anasema asubuhi, kabla ya misa, alijaribu. Mfuko mdogo wa nailoni ile ile ulibaki kwake. Aliupiga pasi, akauvuta.
"Ikaisha mu mikono yangu, Papa Athanase. Kama ngozi ya maziwa."
Amemwambia Raphaël. Naye akamjibu, "Mama, kaa, kula mishikaki."
Ndege inageuka. Miguu mlangoni — miguu naiona!

Ameniachia mkono. Anakwenda. Anasukuma watu, anasukuma askari, ameinyakua mikrofone. Inapiga kelele.
"Ni mimi nilipiga pasi! Mimi Kasoki! Athanase hakusema bongo, alisema kweli! Muteremushe mutoto na ndege!"
Watu elfu wamegeuza vichwa.
Ndege haisikii mikrofone. Redio iko kwa Raphaël. Ameisogeza mdomoni. Anatutazama sisi, anatazama juu, anatutazama tena. Naacha kalamu, nakimbia kwake.