Nguo za Mlimani za Kitinda

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limepunguza ubishi. Mimi sijambo, isipokuwa kikohozi kidogo, na kilikotoka nitakueleza ukikubali kusoma mpaka mwisho bila kuitupa barua chini. Baba mdogo nisalimie sana. Jirani wa ukuta mmoja mwambie gauni lake bado nalikumbuka, asianze kunisuta mtaani.

Barua yako niliipata. Umesema mdogo wangu Kitinda amepata kazi kwa wapima ardhi, kwamba wanampeleka milimani kwenye baridi, na tangu usikie habari hiyo usingizi umekupaa. Umeniuliza swali moja tu: mimi ninayeshinda na nguo hizo karakanani, anunuliwe lile jaketi laini la siku hizi au nguo kadhaa za kuvaa moja juu ya nyingine? Ukaniambia nisikujibu kwa utani wangu. Mama, safari hii sina utani. Swali lako nilikwenda kulitafutia jibu mahali ambapo hukuniruhusu kwenda.

Nianze na nguo zenyewe. Hapa karakanani tunakoshona majaketi laini yananing'inia upande wa dirishani, kwa sababu ndiyo yanayotoka haraka. Bosi wetu anasema mteja akishaingiza mkono mmoja, huyo kwisha habari yake. Na kweli ni mazuri, nisiyasingizie. Kitambaa kinavutika ukiinua mkono, upepo haupenyi ovyo, manyunyu yanateleza, na jasho linapata pa kutokea. Siku kavu, mtu anayetembea bila kusimamasimama hatatamani nguo nyingine. Lakini mvua ikikaza, jaketi lile linakunywa maji polepole, na mvaaji hana habari. Halafu ni moja tu. Ukisikia joto, ama ulivae ama ubaki na fulana.

Nguo za kupandisha, zile za kuvaa moja juu ya nyingine, nazo ni kero tupu. Ndani unavaa fulana nyepesi isiyo ya pamba, maana pamba ikishalowa jasho haikauki mwilini. Juu yake sweta la manyoya. Juu kabisa koti jembamba la kuzuia mvua na upepo. Ukipanda mlima unapunguza moja kabla jasho halijatoka, ukipumzika unaongeza kabla baridi haijaingia. Begi chini, begi juu, wenzako wamesimama wamenuna. Ndiyo maana marehemu kaka alizichukia.

Niruhusu nimtaje, mama. Najua nyumbani siku hizi tukifika kwenye habari zake tunageuza mazungumzo. Kaka alikuwa mtu wa jaketi moja. Yeye ndiye aliyempa rafiki yake jina la Kitunguu, kwa jinsi alivyokuwa akivua hili na kuvaa lile, mpaka sote tukasahau aliitwaje kwao. Kitunguu alikula kwetu, akalala kwetu, na wewe mwenyewe ulimpokea kama wako. Kisha wakaenda mlimani wawili, akarudi mmoja, na mkononi ameshika jaketi la kaka.

Waliomteremsha kaka walisema walimkuta kifua wazi kwenye baridi ile. Ulimuuliza Kitunguu mbele ya waombolezaji wote jaketi limefikaje mkononi mwake. Akajibu kwamba kaka alilivua mwenyewe. Sitasahau ulivyopiga kelele, ukauliza ni kiumbe gani mwenye akili anayevua nguo huku anagandishwa. Wajomba wakamtoa nje ya msiba kama mwizi. Tangu siku hiyo sote tunaamini alimvua mwenzake ili ajifunike yeye.

Sasa nifike kwenye kikohozi. Nilikuapia sitaukanyaga mlima ule maishani mwangu, na nimeukanyaga. Usikasirike bado. Nilijiandikisha kwenye kikundi cha watembezi, nikavaa jaketi laini la aina ile ile ya kaka, na ndani fulana ya pamba kama yake. Nilitaka nithibitishe kwamba jaketi lile lilitosha, kwamba aliyemuua kaka ni mtu na si baridi, ili nikikujibu kuhusu Kitinda nikujibu kwa uhakika, na hasira zetu zipate mahali pa kukaa.

Tulipofika chini ya mlima, kiongozi wa kikundi akatokea kukagua mabegi. Alikuwa Kitunguu. Hakurudi tena mjini, mama, ameajiriwa kule kule. Nilitaka kugeuka, ila kiburi changu unakijua. Alinisalimia kwa adabu, akaona nilichovaa, akaniletea sweta na koti la mvua nivitie begini. Nikamwambia kitu kilichotoka mkononi mwake hakigusi mwili wangu. Akavitia kwenye begi lake yeye.

Tulipanda. Nilitoka jasho fulana ikanata mgongoni. Tulipovuka miti upepo ukatupokea, na baada ya upepo mvua, si kubwa, ila ya kung'ang'ania. Nilianza kutetemeka, meno yakawa yanagongana kama cherehani isiyo na mafuta. Niseme nini, na wa kumwambia ni yeye? Baadaye kutetemeka kukaisha, nikafurahi, nikadhani nimezoea.

Mama, kisha nikasikia joto. Wallahi sikudanganyi. Joto lilitoka ndani, likapanda kifuani, ngozi ikawa inaniwaka kana kwamba nimevikwa nguo iliyotoka kwenye pasi sasa hivi. Nilitaka jambo moja tu duniani, kulivua lile jaketi. Ninachokumbuka ni mkono wangu kwenye zipu, na mikono ya mtu imeushika, na uso wa Kitunguu unalia, ananisihi nisivue.

Mengine nimesimuliwa na wanawake wawili tuliokuwa nao. Wanasema nilimwita mwizi, nikamwita muuaji, nikamng'ata kiganja mpaka damu ikatoka, na hakuniachia. Walinifunika kwa turubai, wale wanawake wakanitoa nguo zilizolowa na kunivika zile kavu alizonibebea Kitunguu, moja juu ya nyingine, wakanikumbatia katikati yao mpaka nikaanza tena kutetemeka. Wanasema niliporudi kutetemeka, Kitunguu aliketi kwenye matope akamshukuru Mungu kwa sauti.

Waliponiteremsha, muuguzi wa zahanati iliyo chini ya mlima aliniambia kwamba baridi ikishaingia sana, inaudanganya mwili. Mtu anayekufa kwa baridi anaweza kuhisi anaungua, akavua kila kitu, hata awe na nguvu na akili timamu kiasi gani. Alisema ameshawaona wengi. Nilimuuliza mara mbili, na mara mbili akanijibu vile vile. Nililia, mama, nikalia kwa sauti mbele ya wagonjwa.

Kitunguu akanieleza siku ya kaka. Alipoona kaka hawezi tena kutembea, alivua sweta lake mwenyewe akamvika, akalifunga jaketi mpaka shingoni, akakimbilia kibanda cha mlimani kuita watu. Waliporudi, yeye alitangulia mbio, akakuta sweta na fulana juu ya mawe, jaketi mbele kidogo, na kaka ameshalala. Alilichukua jaketi akakuletea, ili uwe na kitu cha mwanao cha kushika. Nilimuuliza mbona hakututafuta baadaye akajitetea. Alisema swali ulilomuuliza hata yeye lilimshinda, na kwa muda mrefu alidhani labda kweli alikosea kuona nguo zile zilivyolala kule mlimani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kitinda avae nguo za kupandisha, na anayezicheka acheke. Jaketi laini namwekea pia, kwa siku kavu, sina ugomvi nalo. Lakini mwambie nguo peke yake hazitoshi. Asitembee peke yake, asione haya kusema anasikia baridi, na mwenzake akimkataza kuvua, amtii hata kama anamchukia.

Nguo zake zimo kwenye kifurushi. Zipu nimeziwekea kamba ndefu ili azishike hata akiwa na glavu. Zimpwaye kidogo, usizipunguze.

Wasalimie wote, na uniombee dua. Kama umekasirika kwa kuvunja ahadi, nitakuja mwisho wa mwezi unikemee vizuri ana kwa ana.

Limebaki moja. Aliyekuletea kifurushi kutoka huku ni Kitunguu. Usinifikirie mengine, ana mkewe. Nilimwomba aje, akakataa, nikamwomba tena, akakubali kwa sharti kwamba hatapiga hodi. Kitinda nilimwagiza apokee mzigo, akupe barua na asiseme neno. Hivi unavyosoma, Kitunguu ameketi kwenye benchi la fundi viatu hapo mwanzo wa mtaa. Basi la kurudi linaondoka jioni, na usipompeleka mtu kumwita atapanda aende zake, amesema hatakulaumu. Lakini mimi niko hai kwa sababu yake, na yeye ndiye mtu wa mwisho kumfunga kaka nguo. Mtume Kitinda amwite, mama. Au nenda mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Kidomo