Wasimuulize Aziza

Mwalimu wangu Riziki,

Tangu tukuzike nimekuwa nikikusemesha moyoni tu. Leo naandika kwa sababu ninaogopa, na huku mtaani Mikelenge sina mwingine wa kumwambia.

Mimi na baba Aziza tumeachana. Yeye amekwenda kuchimba dhahabu huko Kama, mimi nimebaki na mtoto. Pikipiki ikisimama tu nje, Aziza anaingia chini ya kitanda, akidhani wamekuja kumchukua. Amerudia kujikojolea, mtoto wa miaka minane, na asubuhi ananiambia, "Mama, unisamehe." Nimsamehe nini, mwalimu?

Jumapili familia mbili zinakutana hapa kwangu. Wakwe wanasema mahari walitoa, mtoto ni wao. Wajomba zangu hawataki kusikia. Basi wamepatana jambo moja tu: wamsimamishe Aziza katikati yao, aseme anamtaka nani.

Unaijua desturi hiyo. Wakati wa vita, treni haziji na chumvi inauzwa kwa kijiko, baba na mama walipoachana, wazee wa pande zote mbili walinifuata na swali hilohilo mpaka mlangoni mwa darasa lako. Ukatoka na chaki mkononi, ukawaambia, "Huyu mutoto musimuulize. Ile njo kazi yenu, wakubwa." Na ulivyokuwa mfupi! Lakini waliondoka. Tangu hapo ukanipa kazi ya kugonga kengele, na kila asubuhi ukaniuliza polepole, "Ulilala wapi?" Hukuuliza zaidi ya hapo.

Juzi nilimweleza mwalimu wa Aziza yote. Nilidhani atasema ya nyumbani yabaki nyumbani. Kumbe amemhamishia benchi la mbele, na akimwona ameduwaa anamtuma afute ubao. Jana Aziza alisoma kwa sauti. Mwalimu huyo amekubali kuja Jumapili, lakini yeye bado ni msichana, na wazee wale unawajua.

Nikizuia asiulizwe, watamchukua kwa nguvu ya mahari. Akiulizwa, huenda akanitaja mimi. Hilo ndilo linalonitisha kupita yote, kwa kuwa moyo wangu unalitaka.

Pumzika, mama yangu wa darasani. Nakuahidi, Jumapili swali lile halitamfikia. Wakimchukua, aende akijua kwamba ni sisi tulioamua, na kwamba yeye hakumwacha mtu.

Mwanafunzi wako, Mwamini